Unga wa lishe wa Mbeya kwa mgonjwa wa mapafu: kilichomo na kinachokosekana

Kwa mtu ambaye mapafu yake yamechoka, unga wa lishe unaouzwa Mbeya ni msingi mzuri wa uji, lakini si dawa ya pumzi kama baadhi ya wauzaji wanavyonadi. Tumelitanguliza hilo kwa sababu wengi wanaonunua mfuko wa kilo moja pale Mwanjelwa, SIDO au Uyole wamemwacha nyumbani mtu anayehema: bibi aliyepikia kuni kwenye jiko lisilo na dirisha maisha yake yote, mchimbaji wa dhahabu wa Chunya aliyejaa vumbi la mawe kifuani, au kijana aliye katikati ya dozi ya miezi sita ya kifua kikuu. Mapitio haya yanawahusu hao. Mtoto wa miezi saba ana mahitaji yake mengine, hatumgusi hapa.

Sokoni kuna namna tatu. Iliyojaa zaidi ni mchanganyiko wa "nafaka saba" au "tisa", uliofungwa kwenye mfuko wa plastiki wenye picha ya mtoto mnene. Ya pili ni unga wa ulezi mtupu. Ya tatu ni ya kujisagishia: unanunua nafaka mwenyewe, unazichambua, unazipeleka mashineni na kusimama hapo mpaka unga ukufikie mkononi mwako ukiwa bado wa moto. Kwa mgonjwa wa mapafu tunaipa hiyo ya tatu nafasi ya kwanza. Mchanganyiko wa dukani unafuata kama una soya ya kutosha, na ulezi mtupu unabaki wa mwisho, pamoja na heshima zake zote.

Hesabu ya nafaka

Namba inayouza mfuko ndiyo yenye maana ndogo kuliko zote. Mahindi, mtama, uwele, mchele, ngano na ulezi ni wanga kwa sehemu kubwa, na protini yao iko kati ya gramu 7 na 12 katika kila gramu 100. Ukizichanganya zote sita unapata karibu kilekile ulichokuwa nacho kwenye dona, kwa bei ya juu zaidi. Ulezi una sifa moja ya kweli: kalisi, zaidi ya miligramu 300 kwa gramu 100, na hapo nafaka nyingine za sokoni haziusogelei. Vinavyougeuza mfuko ni viwili tu. Soya ina protini karibu gramu 36 na mafuta gramu 20 kwa kila gramu 100. Karanga ina protini gramu 26 na mafuta karibu gramu 49. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni moja: katika kila kilo kumi, soya ni kilo ngapi na karanga ni kilo ngapi?

Akikwambia "zimo zote", soma lebo mwenyewe. Viambato hutakiwa kuandikwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo. Soya ikiwa ya saba kati ya saba, basi imewekwa kwa ajili ya jina.

Tuchukue mchanganyiko wa haki: mahindi ya dona kilo 5, ulezi 1, mtama 1, mchele 1, soya 1, karanga 1. Gramu 100 za unga huo zinatoa kilokalori 380 hivi, protini gramu 13 na mafuta gramu 9. Ondoa soya na karanga, protini inashuka hadi karibu gramu 8 na mafuta hadi gramu 3. Macho hayaoni tofauti hiyo, na sukari ikiingia kikombeni hata ulimi hauioni.

Chakula kinavyogusa pumzi

Mwili unachoma chakula kwa oksijeni na kutoa hewa ukaa, ambayo ni lazima itoke kwa mapafu. Kila aina ya chakula ina deni lake. Wanga, kwa kila molekuli moja ya oksijeni inayotumika, hutoa molekuli moja ya hewa ukaa. Uwiano wake ni 1.0. Mafuta yako kwenye 0.7, protini kwenye 0.8. Ukipima kwa nguvu inayopatikana, kilokalori 1,000 za wanga huacha lita 198 hivi za hewa ukaa, na kilokalori 1,000 za mafuta huacha lita 151. Mtu mzima aliyetulia kwenye kiti hutoa karibu mililita 200 kwa dakika, yaani kama lita 290 kwa siku.

Mwenye mapafu mazima huongeza kupumua kidogo, ziada inatoka, wala hajui kwamba kuna kilichotokea. Mwenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ule ambao hospitalini huitwa COPD, kila pumzi anainunua kwa bei ghali. Misuli yake ya kifua inaweza kutumia nguvu mara kumi ya ile inayotumiwa na mtu mwenye afya kwa kazi hiyohiyo ya kuvuta na kutoa hewa. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kumpunguzia mgonjwa wanga na kumwongezea mafuta, na ndipo zilipotoka lishe maalumu za makopo ambazo zaidi ya nusu ya nguvu yake ni mafuta.

Wazo ni sahihi kwenye karatasi. Tulipime kwenye kikombe cha uji.

Uji unaopikwa nyumba nyingi ni mwepesi: gramu 30 za unga kwenye mililita 300 za maji, na vijiko vitatu vya chai vya sukari. Una kilokalori 160 hivi na protini gramu 4, na robo tatu ya nguvu yake ni wanga. Uji ulioboreshwa kwa namna tutakayoieleza chini una kilokalori 380 na protini gramu 14 kwenye kikombe hichohicho, na nusu ya nguvu yake inatoka kwenye mafuta. Ili mgonjwa apate kilokalori 380 kwa uji mwepesi, anywe vikombe viwili na zaidi. Hewa ukaa itakayotoka ni kama lita 72 kwa uji mwepesi na 65 kwa ule ulioboreshwa. Pengo ni lita 7. Hata akila hivyo mara tatu kwa siku, ameokoa lita 20 hivi kati ya 290. Si kitu cha kutupa, lakini si kitu cha kumfanya mtu aliyekuwa haongei sentensi nzima aanze kupanda mlima wa mtaa wa Forest.

Faida kubwa iko kwingine, nayo haitajwi kwenye mfuko. Vikombe viwili na zaidi ni karibu mililita 700 za uji tumboni. Tumbo lililojaa linausukuma juu msuli wa kiwambo, ule unaotenganisha kifua na tumbo, na kwa mgonjwa wa COPD msuli huo tayari umebanwa bapa na mapafu yaliyovimba hewa. Ndiyo maana wengi wao husema wanashiba kwa vijiko vitano na kuacha sahani. Nguvu ileile kwenye mililita 300 inampa nafasi ya kula na kupumua kwa pamoja. Juu ya hapo kuna zile gramu 14 za protini dhidi ya gramu 9 ambazo angezipata kwenye vikombe vyake vya uji mwepesi. Mgonjwa wa namna hii anahitaji protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 50 anatafuta gramu 60 hadi 75. Zikikosekana, mwili unazichukua kwenye misuli yake, na misuli ya kupumulia ni mojawapo.

Kuna onyo moja kuhusu wingi. Wanga ukizidi matumizi, mwili huugeuza kuwa mafuta ya akiba, na kazi hiyo hutoa hewa ukaa nyingi kuliko oksijeni inayotumika. Uwiano unavuka 1.0. Jaribio lililochapishwa mwaka 1992 liliwapa wagonjwa wa COPD kinywaji cha kilokalori 920 kwa mkupuo. Kilipokuwa cha wanga, walitembea umbali mfupi zaidi ndani ya dakika sita kuliko walipopewa cha mafuta. Lakini ni nani anayekunywa kilokalori 920 za uji kwa kikao kimoja? Kwa milo midogo ya kawaida, miongozo ya lishe ya Ulaya haioni faida ya makopo yenye mafuta mengi juu ya lishe ya kawaida yenye nguvu na protini za kutosha kwa mgonjwa aliyetulia. Kwa maoni yetu, pesa ya kopo moja la nje ikinunua mayai, maziwa ya Rungwe na usipa wa Kyela, mgonjwa amepata zaidi.

Mwinuko nao una neno lake

Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ni karibu milimita 620 za zebaki badala ya 760 za pwani. Ukitoa mvuke wa maji na kuchukua asilimia 21 ya oksijeni, hewa inayofika ndani ina mgandamizo wa oksijeni wa 120. Kabla haijaingia kwenye damu inapunguzwa tena na hewa ukaa iliyomo mapafuni, na kipunguzo hicho kinategemea ule uwiano wa chakula. Hewa ukaa ikiwa 40 na uwiano 0.8, unagawa 40 kwa 0.8, unatoa 50 kwenye ile 120 na kubakiwa na 70. Uwiano ukiwa 1.0, unatoa 40 na kubakiwa na 80.

Kwa mtu mwenye afya anayepanda Mlima Rungwe, basi, uji wa ulezi wenye sukari ni chakula bora kuliko nyama ya mafuta. Wanga unamwongezea oksijeni kidogo mapafuni, na hewa ukaa ya ziada anaitoa bila taabu. Mgonjwa wa COPD hana uwezo huo. Ikimzidi, inabaki kwenye damu na kumletea usingizi wa mchana na kichwa kuuma asubuhi. Ndiyo sababu ushauri uleule wa chakula unaweza kuwa mzuri kwa mmoja na mbaya kwa jirani yake. Pia ndiyo sababu mgonjwa anayehamishwa kutoka Kyela, ambako ziwa liko chini ya mita 500, kwenda kwa ndugu zake Makete, juu milimani, huanza kuhema hata kama chakula hakikubadilika.

Mwinuko unaingia jikoni vilevile. Maji ya Mbeya mjini yanachemka kwenye nyuzijoto 94 hivi. Upande wa Kitulo, kulikoinuka zaidi, ni karibu 91. Soya mbichi ina vizuizi vinavyozuia protini isimeng'enywe, na vinavunjwa na joto la muda mrefu. Maelekezo ya "chemsha dakika kumi" yaliyoandikwa kwa ajili ya Dar es Salaam hayatoshi huku. Uji wenye soya upike dakika 25 hadi 30 tangu uanze kutokota, na kama ukionja unasikia ladha ya maharage mabichi, rudisha motoni. Mgonjwa anayelalamika gesi na tumbo kujaa baada ya uji wa lishe mara nyingi amepewa soya isiyoiva, na tumbo la gesi linabana kiwambo kama lilivyo tumbo la chakula.

Kikombe kilichoboreshwa

Kwa kikombe kimoja kikubwa: unga gramu 40, ambao ni vijiko vinne hadi vitano vya chakula vilivyosawazishwa; maji mililita 150; maziwa mililita 150; siagi ya karanga kijiko kimoja cha chakula; mafuta ya alizeti kijiko kimoja cha chai. Koroga unga na maji ya baridi kwanza, umimine kwenye maji yaliyochemka, maana ukiutia mkavu unafanya mabonge ambayo nje yameiva na ndani ni mabichi. Maji ya kupikia yawe zaidi ya hayo mililita 150, kwa sababu nusu saa ya moto itayakausha. Maziwa yaingie dakika tano za mwisho, karanga na mafuta baada ya kuepua. Kuyapika mafuta nusu saa na uji hakuongezi kitu. Nusu ya parachichi iliyopondwa inaweza kuchukua nafasi ya siagi ya karanga, na Rungwe na Njombe hazina sababu ya kukosa. Kumbuka tu kwamba parachichi lina mafuta mengi na protini kidogo, gramu 2 kwa gramu 100, kwa hiyo ongeza yai pembeni.

Uji huu utakuwa mzito, na mgonjwa anayehema hawezi kutafuna wala kumeza kitu kizito kwa utulivu. Wengi hapo huongeza maji na kuharibu kila kitu. Dawa yake ni kimea. Watafiti wa lishe wa Tanzania waliusisitiza unga wa kimea tangu miaka ya 1980, na inashangaza kwamba hauuzwi kwenye kila duka la unga. Osha ulezi kilo moja, loweka usiku mzima, mwaga maji, tandaza na ufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu. Juni na Julai kwa baridi ya huku hesabu nne. Chipukizi zikifika kama sentimita moja, anika juani mpaka zikauke kabisa, zisugue zidondoke, pepeta, saga. Tumia ulezi. Chipukizi za mtama zina sumu ya sianidi.

Namna ya kuutumia: pika uji mzito, epua, uache upoe dakika kumi mpaka usichome vikali, kisha tia kijiko kimoja cha chai cha kimea kwa kila kikombe na ukoroge. Ndani ya dakika chache vimeng'enya vya kimea vinakata nyuzi za wanga na uji unalegea bila tone la maji kuongezwa. Rudisha motoni uchemke dakika tano, kwa sababu kimea hubeba vijidudu. Ukikosea na kukitia uji ukiwa unatokota, vimeng'enya vinakufa papo hapo na uji unabaki mzito vilevile. Watu husema kimea ni kibovu kumbe ni moto.

Mgonjwa anywe akiwa ameketi wima, mafunda madogo, apumzike kati. Mara tano au sita kwa siku ni bora kuliko mara mbili. Aliye kwenye mpira wa oksijeni asiuvue wakati wa kula, maana kula ni kazi na oksijeni hushuka. Na jambo la mwaka mzima: usimpikie kwenye jiko la mkaa ndani ya chumba alicholala, hata kama Makete imeganda. Hewa ya sumu ya moto wa mkaa, kaboni monoksidi, inaing'ang'ania himoglobini, kibeba oksijeni cha damu, zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Hakuna uji wa kufidia hilo.

Vidogo visivyoandikwa kwenye mfuko

Kila gramu ya himoglobini hubeba mililita 1.34 za oksijeni. Mwenye himoglobini gramu 14 anabeba karibu mililita 19 katika kila mililita 100 za damu. Mwenye 8 anabeba chini ya 11, hata mapafu yake yawe mazima kabisa. Mifuko mingi inajisifia "madini chuma", yanayojenga himoglobini, na kweli chuma kimo kwenye nafaka, ila kimefungwa na fiteti, kemikali za asili za maganda, na kinywaji cha eneo hili kinakifunga mara ya pili. Chai ikinywewa pamoja na uji, chuma kingi kinapita bila kufyonzwa. Acha saa moja katikati. Chungwa, pera au kachumbari ya nyanya karibu na uji hufanya kinyume chake. Kulowesha nafaka kabla ya kusaga hupunguza fiteti, na hiyo ni faida nyingine ya kimea.

Vitamini B1 ndiyo inayofungua mlango wa wanga kuingia kwenye tanuru la seli. Ikikosekana, wanga unaishia kwenye asidi ya laktiki, damu inachachuka, mgonjwa anapumua haraka, na hali ikiwa mbaya moyo unashindwa na miguu inavimba. B1 inakaa kwenye ganda na kiini cha nafaka, kwa hiyo sembe na mchele uliokobolewa sana vinaipoteza. Mfuko wenye unga mweupe pepepe unapendeza, sisi tungeuacha. Walevi wa ulanzi na pombe za kienyeji wasiokula vizuri wako hatarini zaidi.

Kuhusu beta karotini ya vidonge: mvutaji wa sigara asiguse. Utafiti mkubwa wa Finland uliotolewa mwaka 1994 uliwapa wavutaji wanaume miligramu 20 kwa siku, na saratani ya mapafu ikaongezeka badala ya kupungua. Maboga, karoti na mchicha havina shida hiyo.

Mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia dawa ya isoniazidi anahitaji vitamini B6 ya vidonge kama kliniki inavyompangia; uji hautoshi. Lakini chakula chenyewe kina uzito mkubwa. Utafiti wa Jharkhand, India, uliotolewa mwaka 2023, ulizipa chakula cha ziada familia zinazoishi na wagonjwa, na waliougua TB katika familia hizo walipungua kwa karibu asilimia 40. Kwa hiyo chungu cha uji kiwe cha nyumba nzima.

Pale unga unapodhuru

Hatari kubwa ni kwa aliyekonda kupita kiasi, au aliyekaa zaidi ya siku kumi bila kula cha maana. Ndugu wanamwonea huruma na kumpa vikombe sita siku ya kwanza. Wanga mwingi wa ghafla unapandisha insulini, insulini inasukuma fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kuingia kwenye seli, na fosfeti ikishuka kiwambo kinakosa nguvu ya kujikunja. Kati ya siku ya pili na ya tano mgonjwa anavimba, analegea, anahema kuliko alivyokuja. Mtu kama huyo huanzishiwa kilokalori 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, akipewa vitamini B1 kwanza na kupimwa damu. Mwenye kilo 40 ni kilokalori 400, yaani kikombe kimoja tu cha uji ulioboreshwa, kilichogawanywa siku nzima. Kazi hiyo ifanyikie hospitali.

Mwenye kisukari anayehema kwa kina na kwa kasi huku kifua hakikoromi, akiwa na kiu na harufu ya matunda mdomoni, hana tatizo la mapafu. Damu yake imejaa asidi na mwili unaitoa kwa pumzi. Asipewe uji, apelekwe hospitali mara moja. Mwenye pumu aliyewahi kuvimba midomo kwa karanga au soya asiuguse mchanganyiko wowote wa dukani, hata ulioandikwa kuwa hauna karanga, kwa sababu mashine ni ileile. Na wenye figo mbovu wasitumie hesabu zetu za protini bila daktari wao.

Kununua na kusagisha

Kwenye mfuko wa dukani tafuta nembo ya TBS, shirika la viwango, tarehe ya kusagwa na si ya kuisha tu, na orodha yenye asilimia. Mfuko mpya unaojinadi kwa kibali cha TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, utilie shaka: usimamizi wa chakula ulihamia TBS mwaka 2019. Fungua unuse. Karanga iliyosagwa ndani ya unga huanza kuchacha baada ya wiki chache, na harufu yake ya mafuta makuukuu haipotei kwa sukari. Tatizo kubwa zaidi la karanga na mahindi halinusiki, nalo ni sumukuvu, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, na kupika hakuiondoi. Punje zilizokunjamana, zenye rangi ya kijivu au kijani, ndizo zinazosagwa kwa urahisi zaidi mtu asizione.

Kwa sababu hiyo mchanganyiko tunaoupendekeza wa kusagisha hauna karanga ndani: mahindi ya dona kilo 5, ulezi kilo 2, soya kilo 3. Gramu 100 zake zina protini gramu 16 na zaidi. Soya iloweke usiku, ichemshe dakika 40, iondoe maganda, ianike, kisha ikaange mpaka iwe rangi ya kahawia hafifu na inukie. Ikiungua, protini yake inapungua ubora. Mahindi yachambue kwa mkono, tupa yaliyooza na yaliyotobolewa. Mashineni omba usage baada ya mtu wa mahindi, usimfuate wa pilipili au wa chakula cha kuku, na unga wa kwanza kama nusu kilo uweke kando. Uache upoe kabisa kabla ya kuufunga. Unga wa moto kwenye ndoo iliyofungwa unatoa jasho, na jasho ndilo linaloota ukungu. Saga wa mwezi mmoja tu, Tukuyu kwenye mvua za Machi hadi Mei wa wiki mbili. Karanga zinunue nzima, chagua moja moja, kaanga kidogokidogo na usage za wiki hiyohiyo.